Gawanya kwa Nne, Ongeza Nne

Mwaka wa kwanza walinipa hesabu ya mrija:
umri wa mtoto, gawanya kwa nne, ongeza nne.
Nikaikariri kwenye foleni ya Ghubra,
bafuni, sabuni ikiniwasha macho.
Miaka minane: sita. Miwili: nne na nusu.
Humu kila kitu ni kwa kilo, hata huruma.

Walinionya pia: mtoto haporomoki kama mzee,
ngazi kwa ngazi, akikupa nafasi ya kumwita mkubwa wako.
Mtoto hujikaza. Hujikaza, nawe unadhani ana nafuu,
kisha huenda mara moja, ndoo iliyokatika kamba.

Alhamisi usiku mvua ilinyesha milimani,
wadi ikateremka Samail na gari la watu ndani yake.
Azzan, miaka minne, kilo kumi na tano,
mchanga masikioni, kiatu kimoja.
Gawanya: moja. Ongeza: tano.
Nikaomba tano.

Sista Jincy, miaka kumi na tisa wodini,
hakusema kitu. Alitandaza kitambaa cha kijani,
akapanga mirija mitatu kama anayeandaa vijiko vya wageni:
nne na nusu, tano, tano na nusu.
Niliona ni dharau.

Tano ikagoma.
Nikasukuma, ikagoma.
Tisini na moja. Themanini na nne. Sabini,
na mlio wa mashine ukishuka pamoja na namba,
mzito, mzito zaidi, kama kitu kinachoshushwa kisimani.
Dakta Ghaliya alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni.
Sikugeuka, lakini nilijua vidole vyake vimeshikana
visije vikaninyang'anya kazi.
"Toka," akasema. "Mpe pumzi kwanza."

Kinyago. Mfuko.
Kamua, achia, achia.
Kamua, achia, achia.
Namba zikaanza kupanda, shingo upande,
na kabla sijafungua mdomo
nne na nusu ilikuwa kiganjani mwangu.

Ikapita. Kifua kikainuka, kulia na kushoto.
Hakuna aliyenipongeza. Jincy alikuwa keshakata plasta.

Mama yake nilimkuta koridoni, abaya imelowa hadi magotini,
simu sikioni: "Mama, wamemlaza, sijui, sijui mie."
Kiswahili. Kiswahili cha jikoni mwa bibi yangu kule Ibra,
lugha niliyokaripiwa nayo, nikaombewa dua nayo,
wala sijapata kumwambia mtu ndani yake
habari za mapafu, habari za saa sabini na mbili.
Udaktari niliusoma kwa Kiingereza,
mikosi naitangaza kwa Kiarabu.
Nilitafuta neno la kile tunachokiogopa, kile cha kichwani,
nikalikuta kwenye bakuli la unga, chini ya kitambaa:
"Ubongo ukikosa hewa, dada, baadaye unaweza kuumuka."
Akanitazama.
"Kwa hiyo tunasubiri usiumuke."
"Tunasubiri usiumuke."

Kisha akauliza: "Atanijua?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajikuta nagawanya kwa nne.
Nikasema sijui.
Nikasema usiku huu anapumua.
La kwanza lilinitoka kwa shida;
la pili lilikuwa kweli, lakini nilijificha nyuma yake,
naye aliniona nimejificha, akaniachia.
Akaniuliza kama nimekula.

Saa moja asubuhi jua limeshakaa juu ya magari.
Mkanda wa kiti unachoma. Redio inasema wadi imekauka,
barabara ya Samail imefunguliwa.
Kwenye taa nyekundu ya Al-Khuwair
nikaona mkono wangu wa kulia, peke yake, juu ya usukani:
unakamua, unaachia, unaachia.
Taa ikawa kijani.
Nyuma wakapiga honi, wakapiga tena,
nami sikuthubutu kuusimamisha.