Urefu wa Benchi

Duka liko nyuma ya kituo cha mafuta, Lieksa,
na theluji ya Machi imeshakuwa uji wa kijivu.
Nakung'uta viatu. Nanusa: mbao, gundi, mbao.
Sauna kumi na moja zimepangwa, zimezimwa,
kama watu wanaongoja kuitwa na daktari.

Kijana anaitwa Joona. Ana penseli sikioni
na maneno yake yamepigwa randa.
"Hii, mama, ina taa zinazobadilika rangi.
Hii unaiwasha kwa simu ukiwa bado sokoni.
Hii haina mawe kabisa, ni miali tu,
inapasha mifupa, haikutoi jasho la bure."
Jasho la bure!
Nina miaka sabini na minne
na sijawahi kusikia jasho likikatiwa risiti.

Baba yangu alijenga sauna kabla ya nyumba.
Ndivyo walivyofanya waliorudi vitani mikono mitupu:
moto kwanza, vyumba baadaye.
Tulilala humo watu saba, majira mawili ya baridi,
kitinda mimba kwenye benchi la chini, yaani mimi,
niliyezaliwa palepale, Februari,
maji ya kuniogesha yakiwa yameshachemka.
Mama alisema sikulia. Nilikohoa moshi
nikautazama mlango kama mtu anayedaiwa.

Joona anasubiri. Amefunzwa kusubiri.
Naketi ndani ya ile ya kwanza, koti mwilini, mkoba mapajani.
Dari liko chini mno, mvuke hautapata pa kugeukia.
Ya pili ni pipa la mwerezi, zuri kama sanduku la harusi,
lakini hilo ni la bustani, nami siku hizi nina roshani
yenye nafasi ya kiti kimoja na chungu cha vitunguu.
Ya tatu ni ya kuni. Hapo nakaa sana.
Nafungua mlango wa jiko, naufunga.
Kishindo hicho cha chuma nakijua kwa jina.
Lakini nyonga yangu ya kulia imetoka kiwandani,
kuni hazipandi zenyewe hadi ghorofa ya tatu,
na kamati ya jengo imeshakata maneno:
hakuna bomba la moshi, Irmeli, hata la unene wa kidole.

Basi, umeme. Nakubali kama mtu anavyokubali miwani.
Kilowati sita, mawe kilo ishirini,
dakika thelathini na tano, tayari.
"Haraka hivyo?" Anatabasamu, anadhani ni sifa.
Hajui kwamba saa zile mbili za kungoja moto
ndizo alizokuwa Taisto akisema nami.
Ndani hakutoa neno. Nje, akipasua kuni,
alinimwagia habari za wiki nzima,
nani kauza ng'ombe, nani kamchukia nani,
na mara moja tu, shoka likiwa hewani, kwamba ananipenda.

Tunafika kwenye vipimo.
"Unaishi na nani?"
Peke yangu.
"Basi benchi la mita moja na ishirini litatosha kabisa,
tubakishe nafasi ya mashine ya kufulia."
"Mita moja na themanini na tatu," nasema.
"Lakini mama, kimo chako..."
"Kimo changu nakijua."
Anapiga hesabu upya. Mashine itahamia jikoni.
Bei inaruka euro mia mbili na arobaini.
Mwaka juzi, Oktoba, mtu mwingine mwenye penseli
aliniuliza urefu, nikautaja huohuo
bila kupima.

Jumamosi ya kwanza nakaa nchani, karibu na ndoo, upande wangu.
Namwaga kata moja. Mawe yanasema lile neno lao.
Jirani wa chini anafungua bomba, anafunga.
Mvuke unapanda, unagusa dari, unageuka,
unashukia kwanza upande ule mrefu, mtupu,
ndipo unanifikia.