Vidole Vinane

Jumatatu ya Pasaka, Svaneti. Theluji bado imekaidi
kwenye mashavu ya milima,
nasi tumepanda makaburini na vikapu:
mkate, jibini, divai ya mtungi,
mayai yaliyochemshwa na mizizi mpaka yakaiva wekundu.
Huku hatumwambii marehemu "pumzika" tukaenda zetu.
Tunamwandalia.

Nazibrola anapiga goti kwa taabu,
anaweka yai juu ya udongo wa Bezhani, analisukuma
kama amwambiaye mtoto, haya, nenda.
"Kristo amefufuka," anauambia udongo.
Udongo kimya. Naujibia mimi:
"Kweli amefufuka."

Nina haki ya kumsemea yule aliye chini.
Nilikuwa na miaka tisa poromoko liliposhuka,
likalifunika zizi, likanifunika mimi na ndama.
Asiyewahi kuzikwa hudhani giza la theluji lina juu na chini.
Halina.
Nilichimba. Kwa kucha, kwa meno, kwa jina la mama,
nilichimba kwa nguvu zangu zote,
kumbe nachimba kuelekea chini.

Ndiyo maana padri akisoma habari za wokovu
wenzangu hutazama dari, walipochorwa malaika;
mimi hujikuna kisigino.
Hapo ndipo aliponishika.
Si mkono nilionyooshewa nikaupokea, la.
Nilikuwa nimempa mgongo, nazama kwa juhudi,
naye akanivuta kwa mguu, kichwa chini,
kama mkunga na mtoto aliyekuja vibaya.

Watu husema Otia aliokoka.
Kitenzi hicho kinanipa sifa zisizo zangu.
Niliokolewa. Au sema tu
niliokotwa.

Bezhani alivua glavu ili anitafute kwa vidole.
Viwili viligeuka vyeusi, vikakatwa hospitali ya Mestia.
Na Bezhani huyohuyo
miaka thelathini hakukanyaga kanisani,
kwa ugomvi na padri wa zamani juu ya ng'ombe na mpaka wa shamba.
Alikunywa. Alitukana. Alikufa bila kuungama,
kiatu kimoja mguuni, akitazama mpira.

Jioni ya arobaini yake Nazibrola alimbana Padri Ambrosi mlangoni:
"Yuko wapi?"
Padri akaigeuzageuza kofia yake.
"Sikupewa daftari, mama. Nilipewa kengele."
"Basi nijibu hili. Siku ya kufufuliwa
atainuka na vidole kumi, au vinane?"

Nilidhani atacheka.
Alinyamaza mpaka taa ya barabarani ikazimika, kama kawaida yake,
kisha akasema gizani:
"Bwana mwenyewe alitoka kaburini na matundu yake.
Angeweza kuyaziba. Hakuyaziba."
"Basi viwe vinane," akasema Nazibrola.
"La sivyo nitamjuaje
katika umati ule wote?"

Tangu usiku huo sijaiwaza tena mbingu ya barabara za dhahabu.
Naiwaza kama mteremko ule, asubuhi ile:
watu wanatolewa mmoja mmoja, kichwa chini,
wanakohoa theluji, wanaona haya
kwa jinsi kila mtu alivyojitahidi upande usio wake.
Na mtoaji, mikono yake ina alama.
Jehanamu siijui. Labda ni kuukataa mkono
kwa sababu umekushika mguu.

Yai limeviringika, limegonga jiwe, limepasuka.
Nazibrola analimenya, ananipa nusu.
Tumesahau chumvi.
"Kaombe kwa majirani," asema bila kuinua uso,
na majirani ni ukoo wa yule padri wa zamani,
wametandika kitambaa juu ya kaburi lake
hatua nne tu kutoka kwa Bezhani,
kati yetu uzio wa chuma ulioliwa na kutu.

Wameniona. Mmoja ameshainua kikombe.
Nauruka uzio, kiatu kinanasa,
na kwa kitambo kidogo naning'inia pale,
nimeshikwa kisigino.