Kukwangua

Stesheni yenyewe ni vyumba viwili na upenu,
baada ya Gongo la Mboto, kabla mlima haujaanza.
Treni ya jioni husimama dakika mbili,
hutema watu na mafurushi, hunguruma, huondoka.
Mimi nimeletwa na mkandarasi: nikwangue, nipige lipu, nipake.
Ijumaa kuna wageni.

Rangi ya juu ni buluu, ya mwaka wa uchaguzi,
nyepesi, inatoka kwa ukucha.
Chini yake kijani cha shirika,
na chini ya kijani, krimu ya Mwingereza,
ngumu kama ukoko wa wali.
Kisha chokaa. Chokaa ya Mjerumani haibembelezwi,
inataka patasi.

Bi Sikudhani wa tiketi kafunika chai yake kwa daftari.
"Vumbi la babu zenu hilo," anasema, "mimi silinywi."

Nikagonga. Jiwe la matumbawe, lina vitundu, lina kipande cha kombe.
Nani alilibeba toka pwani hadi huku kwenye mihogo?
Ukuta una unene wa dhiraa na shubiri,
ndani baridi kama mtungi.
Tao juu ya dirisha halina nondo hata moja:
mawe yameegemeana tu,
kila moja linamzuia jirani asianguke.
Nguzo za upenu zilikuja na meli, zimepigwa namba.
Mawe hayana namba.

Na kando ya tao, chini ya chokaa, maandishi ya mkaa.
Herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu.
Nilipita chuoni kwa Maalimu Chaurembo,
viboko vyake bado vinanisomea:

Mwinshehe. Siku kumi na moja. Nimelipwa saba.

Nikakalia ndoo.
Ng'ambo, juu ya miguu ya zege, treni ya umeme
ikapita na upepo wake, haikutusalimu.
Mimi hapa nina siku tisa.
Nimelipwa nne.

Mkandarasi akapiga simu: "Umefika wapi?"
"Kwenye hesabu," nikamjibu.
Hakuelewa. Akakata.

Alhamisi nikapaka. Nyeupe, mikono miwili kila mahali,
isipokuwa pale kando ya tao:
mmoja, tena wa rangi niliyoizidisha maji.
Masika mbili tatu, mkaa utatokeza wenyewe.

Bi Sikudhani aliona.
Hakusema kitu. Alivuta kabati lake la daftari
hatua moja kushoto,
pakabaki wazi.