Jumanne, Ligula

Kadi yako imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo.
Juu: Mfaume Shaibu Nantepa. Umri: 22.
Chini, kwa mwandiko wa nesi mwenye haraka:
Arudi Jumanne, tarehe 14.

Tulikuzika Ijumaa, tarehe 3.

Nimepanda gari la alfajiri, hivyo hivyo.
Newala yote ukungu, kondakta anatafuta abiria kwa tochi ya simu.
"Leo peke yako?"
Nikasema ndiyo.
Akakiacha wazi kiti cha dirishani, kile chako,
mpaka Tandahimba akapanda mama na ndoo ya ming'oko,
akakikalia.

Unajua walivyosema. Ulikuwa unasikia,
kuta zetu za udongo hazijui kutunza siri.
Walisema bangi, na hukuwahi kuvuta hata sigara.
Walisema salfa ya mikorosho imekupanda kichwani.
Walisema Baba kala pesa ya mnada, kasahau mizimu ya mama yake.
Tukachinja jogoo mweupe. Tukachinja na mweusi.
Mganga wa ng'ambo ya Ruvuma akakuchanja chale saba,
wewe ukizihesabu kwa sauti, kama mwalimu,
na ya saba ilipokwisha ukamwambia,
"Asante, mzee. Bado ipo."

Bado ipo. Hukusema ni nini.
Mimi uliniambia siku moja, tukichambua korosho za daraja la pili:
"Dada Somoe, ni kama redio ya jirani.
Siwezi kwenda kuizima. Na jirani mwenyewe hayupo."
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
maana ulisema kwa uso wako wa utani,
ule wa kumwigiza mkuu wa shule
mpaka Mama anajilaza mkekani, khanga mdomoni, machozi yanamtoka.

Huyo ndiye ninayemtaka nikikukumbuka.
Si yule wa miezi ya mwisho, vidonge vinamtetemesha mikono,
chai inamwagika mpaka tukamnunulia kikombe cha mfuniko, cha watoto.

Hapana. Namtaka na huyo.
Wa kikombe cha mfuniko ndiye aliyetoka saa nane za usiku
kunishikia foleni ya bomba.
"Si nakesha tu," ulisema,
"acha kukesha nako kuwe na faida."

Msibani, kila aliyeuliza, Mjomba Ausi alimjibu: malaria.
Malaria ya ghafla.
Wakaitikia, wakanawa, wakala.
Malaria haimuaibishi mtu.
Mimi nilikuwa uani nasugua masufuria,
nimenyamaza, na kunyamaza kwangu
kulikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko.

Ligula, benchi la nje.
Nilikuwa nimepanga kuikabidhi kadi dirishani, niondoke.
Nesi akaita: "Mfaume Shaibu!"
Kimya.
"Mfaume Shaibu Nantepa! Hayupo?"

Nikasimama.
"Mimi dada yake," nikasema.
"Alikuwa anaumwa. Ugonjwa wake ndio uliomuua.
Huu huu, wa hapa."
Benchi zima likasikia. Mfagizi akasikia, ufagio ukasimama.
Nesi akavua miwani, akaiangalia kadi muda mrefu
kama vile mwandiko si wake.

Nikageuka niende. Magoti yakakataa.
Mama mmoja akasogea bila neno, akanipa nafasi,
kati yake na kijana wake.
Kijana ana kovu jipya la chale shingoni,
macho ukutani, kwenye matofali ya matundu,
midomo inacheza.

"Umefika ngapi?" nikamuuliza.
"Mia na nne."

Nikanyamaza,
nisimpotezee hesabu.