Nukta Nyekundu

Kabla hujawa Mkurugenzi, Nyaboke,
ulikuwa na stuli yenye mguu mmoja mfupi
tuliyoiwekea gazeti lililokunjwa,
maabara ya Kabete, dirisha la pili kutoka chooni.
Mimi nikiosha chupa. Wewe ukihesabu:
sahani ikiinuliwa kwenye taa,
na chini ya kila koloni nukta ya kalamu nyekundu,
ili lililozaliwa mara moja lisihesabiwe mara mbili.
"Mukhwana, mia mbili na kumi na nne,"
nami nikaandika, karani wa kijiji kisichoonekana.

Miaka kumi na mmoja ukawasoma bakteria wa mizizi ya maharagwe,
wanalala wapi, udongo gani wanaukataa.
Makala ishirini na sita.
Wakasoma watu wa Uholanzi, wakasoma watu wa Brazili.
Mama Chelagat wa Bomet hakusoma.
Alikuja mwenyewe na mche wa manjano ndani ya mfuko wa sukari,
akauweka kati ya darubini na chai yako:
"Daktari, hiyo dawa unayoijua inauzwa duka gani?"

Duka gani.
Ulitafuna kifuniko cha kalamu mpaka jioni.

Chuo ukakiaga kwa barua ya mistari mitatu.
Wenzako walisema *ameingia biashara*
kwa sauti ya watu wanaosema *ameingiwa na pepo.*
Tukapanga bohari Lunga Lunga,
kulia kiwanda cha sabuni, kushoto mchomelea mageti.
Stima zikipotea usiku ulikuja na mablanketi,
tukayafunika matangi kama watoto wenye homa.
Kule Upper Hill kijana wa benki alitaka dhamana;
ukamwekea sahani mezani:
"Hawa huongezeka maradufu kila saa sita. Riba yako je?"
Akacheka sana. Hela hakutoa.
Benki ya nne ndiyo iliyotoa.

Sasa una ghorofa ya tisa na viatu vyenye sauti.
Umejifunza lugha ya huko, gawio, mtiririko wa fedha,
na unaitamka bila kujikwaa.
Koti jeupe linaning'inia nyuma ya mlango.
Mimi, Idara ya Ubora, nimepewa stuli ya magurudumu,
nawe nakuona Jumanne, dakika nne,
mvua ya Januari.

Halafu Machi ile. Mawingu yamekaa juu ya Ngong,
oda elfu tisa, malori yananguruma uani,
na sahani za mkupuo wa sitini na moja
karibu tupu.
Thuranira wa uhasibu alifunga mlango taratibu:
"Mteja hana darubini. Nani atajua?"
Ukanyamaza.
Nitasema kweli, maana nimebakiza miaka miwili nistaafu:
nilidhani utatia sahihi.
Kwa muda wa pumzi tatu nilikuchukia.

Ulivua viatu. Ukakaa kwenye stuli yangu,
ikateleza, ukajishika meza,
ukaomba sahani.
Nukta. Nukta. Mbali sana na nyingine, nukta.
"Mukhwana, andika: kumi na saba."
Malori yakazimwa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Yetu iliisha na daftari likiwa wazi.
Mwaka ule hakuna aliyeongezwa mshahara;
mke wangu hunikumbusha kila shule zikifunguliwa.

Ukaanza kupiga simu, jina moja baada ya jingine.
Mama Chelagat alikutukana kwa Kikipsigis,
kisha kwa Kiswahili ili nawe upate:
jembe liko shambani, mvua haingoji hesabu zako.
Uliishika simu mbali kidogo na sikio.
Hukujitetea.
Alipokata, ukatafuta jina lake kwenye orodha,
ukaweka nukta.