Kiguu na Njia

Kitabu hiki nilikiazima kwa Bi Thorvald wa maktaba.
Alikigonga muhuri bila kuniangalia usoni,
akasema, "Vijana wanakipenda."
Mimi si kijana. Nina miaka hamsini na tatu,
na goti langu la kushoto hutabiri theluji
siku mbili kabla ya redio.

Nimekisoma jikoni, hapa Ogallala, Nebraska,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi,
treni za makaa zikipita nyuma ya ghala la nafaka
na vikombe vikigonganagongana kabatini.

Nianze na ubaya, maana ndio ulionikuta mlangoni.
Rusk na Wendell hawana adabu.
Wanaazima gari la shangazi, wanalirudisha halina mlango.
Mke huku, mtoto kule, deni kila kituo cha petroli,
na mwandishi anauita mzigo wote huo uhuru.
Kiguu na njia, angesema mama yangu,
kisha angeuliza: nguo nani anawafulia?
Kurasa mia tatu na kumi,
sijaona hata mmoja wao akisuuza soksi.

Ukurasa wa mia moja themanini na nane
wanapita mjini kwangu. Nusu sentensi:
wamekula pai katika mji usio na kitu,
mhudumu kacheka, wao wakatoka mbio bila kulipa.

Nikakilaza kitabu kifudifudi.
Mji usio na kitu!
Mhudumu hana jina. Hana hata rangi ya nywele.
Miaka kumi na tisa nilibeba sahani kando ya barabara ile ile,
na kila pai iliyokimbiwa ilikatwa kwenye mshahara wangu,
senti thelathini na tano.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa,
lakini mgeni huyu alishiba, mwenyeji akalipa.
Wala sikucheka. Hilo naliapia.

Lakini.

Kuna usiku mmoja, wakishuka milimani,
gari halina joto, kioo kimepasuka,
Wendell anatetemeka kwa homa kiti cha nyuma,
na Rusk, mwongo yule, mwizi wa pai,
anavua koti lake, anamfunika mwenzake,
anaendesha na shati tupu mpaka alfajiri
huku akiimba kwa sauti kubwa
ili meno yake yasisikike yakigongana.
Sentensi moja, ukurasa mzima, nukta hakuna.
Nilipofika mwisho maji ya beseni yalikuwa yamepoa
na sikukumbuka ni lini.

Oleta Stanczyk.
Sijalitaja jina hilo kwa sauti tangu mwaka wa ukame.
Ramani tuliificha chini ya droo ya uma.
Tungekwenda kuona bahari, yoyote, hatukuchagua.
Gari la kaka yake, tangi limejaa,
alipiga honi mara tatu chini ya dirisha langu
nami nimesimama nyuma ya pazia, viatu mguuni.
Baadaye nilisema mama alikuwa mgonjwa.
Mama alikuwa uani, anakamua ng'ombe.
Ilikuja postikadi moja tu. Nyuma ameandika:
"Ina chumvi kweli."

Kwa hiyo sijui hasira yangu nimwandikie nani.
Nikiwalaani wale wawili, nasikia honi.
Nikiwasifu, naona sahani zangu mezani,
makombo, na kiti bado kina joto.

Kesho ni siku ya kukirudisha.
Nimechukua penseli. Pembeni mwa mhudumu
nimeandika *Marlys Vondracek*, nywele nyekundu,
na chini yake bei ya pai mbili.
Kwenye ukurasa wa koti sikuandika neno.
Nimeukunja pembe,
kosa ambalo Bi Thorvald hulitoza senti kumi.

Nitalipa. Mimi hulipa.