Sakafu ya Bi Chumu

Nimeingia Kiuyu na kishikwambi kifuani,
chaji asilimia sitini na moja,
maswali arubaini na nne.
Sheha kanionesha mlango, karudi zake.
Bi Chumu Faki anachambua mwani uani,
vidole vimepasuka kwa chumvi.
"Karibu, mwanangu. Leo ndiyo wanipima?"

Paa?
"Bati. Alinipa mkwe alipoezua kwake.
Lina matundu, usiku nahesabia nyota."
Mashine haina pa kuandika tundu.
Nabonyeza: bati.

Kuku?
"Huyo wa Mwanaidi, kaja kuatamia kwangu.
Vifaranga tutagawana, Mungu akipenda."
Nimetazama mayai, nimetazama kioo.
Nusu ya kuku ambaye bado yai
huandikwaje?

Jana mlikula mara ngapi?
Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.
"Mara moja hapa, mara moja kwa Mwanaidi.
Leo yeye atakula kwangu.
Haya, fanya hesabu."

Swali la ishirini na saba nalisoma lilivyo:
Katika miezi kumi na miwili iliyopita,
kaya yako imepokea msaada wowote wa serikali?

Akauweka mwani chini.
"Msaada ndio upi?
Mjukuu kachanjwa bure, huo msaada?
Skuli halipi, ila anakaa chini, huo nusu?
Mfereji wameuleta, maji hayajaja:
utaandika mfereji, au utaandika maji?
Na ile kodi iliyojificha ndani ya kiberiti,
ndani ya sabuni, ndani ya vocha,
niitoayo kila siku ya Mungu,
huo msaada wangu mimi kwa serikali
ni swali la ngapi?"

Nikasema, Bi Chumu, mimi nimetumwa tu.
"Najua, baba. Kibaba hakina kosa.
Kosa lake aliyekipandisha kitako."

Sakafu?
Hapa nilitamani kuruka.
Saruji, ukuta hadi ukuta, imepigwa rangi nyekundu.
"Waliimwaga wanaume wa mtaa,
mifuko sita, deni la duka,
ili watu wasikalie vumbi arubaini ya mume wangu.
Ule unyayo wa mjukuu. Ilikuwa mbichi bado,
nikakataa wasiuzibe."

Saruji: alama tisa.
Bila hizo tisa angebaki chini ya mstari.
Unyayo hauna alama.
Deni nalo, kwamba mifuko miwili bado hajailipa,
halikuulizwa.

Kioo kikageuka kijani.
Nimekaa juu ya ile sakafu, baridi yake inanipanda mgongoni,
natafuta neno ambalo halimo kwenye mwongozo.

"Nimepata ngapi?"
Hamsini na nane.
"Na mstari uko wapi?"
Hamsini.
"Alhamdulillahi. Basi nimepita?"

Nikasema, ndiyo, Bi Chumu, umepita.

Akainuka kwa kushika goti,
akamwita Mwanaidi juu ya ua
ampe habari njema.